Frank Hornby

Frank Hornby (15 Mei 1863 – 21 Septemba 1936) alikuwa mvumbuzi, mfanyabiashara na mwanasiasa kutoka Liverpool, Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuvumbua Meccano, yaani seti ya vipande vya chuma vyenye matundu ambavyo mtoto huviunganisha kwa nati na bolti ili kuunda mifano ya mashine, madaraja na magari. Kampuni yake ilitengeneza pia garimoshi za kuchezea zenye jina la Hornby na magari madogo yanayoitwa Dinky Toys.

Hornby hakusomea uhandisi. Alikuwa karani wa hesabu aliyekuwa akiwatengenezea wanawe vitu vya kuchezea nyumbani. Hata hivyo seti yake imekuwa mojawapo ya vyanzo vya seti za kufundishia mashine na roboti zinazotumika shuleni leo. Mambo mawili yaliifanya idumu. La kwanza ni kwamba kila kipande kilifuata kipimo kimoja, hivyo kipande cha sanduku moja kiliweza kutumika pamoja na cha sanduku lingine. La pili ni kwamba seti iliuzwa pamoja na maelekezo yaliyochapishwa. Kwa sababu hizo, sanduku la Meccano lililokaa ghalani kwa miaka mingi, hata likikosa kifuniko, bado linaweza kutambuliwa, kutafutiwa kijitabu chake na kutumika tena.

Maisha ya awali

Hornby alizaliwa Liverpool, mji wa bandari ulioko kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, John Oswald Hornby, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Mama yake aliitwa Martha.

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akaanza kazi ya kutunza fedha katika biashara ya baba yake. Katika ujana wake alipenda kusoma habari za wavumbuzi waliofanikiwa baada ya taabu nyingi. Alivutiwa hasa na kitabu cha Samuel Smiles kuhusu watu waliojiinua kwa juhudi zao wenyewe. Alijaribu kuvumbua vitu mbalimbali, lakini hakuwa na karakana wala mafunzo, na majaribio hayo hayakufika mbali.

Mwaka 1887 alimwoa Clara Walker Godefroy, aliyekuwa mwalimu wa shule. Walipata watoto watatu: wavulana wawili, Roland na Douglas, na msichana mmoja, Patricia.

Baba yake alifariki mwaka 1899 na biashara ya familia ikafungwa. Hornby akaajiriwa kama karani wa hesabu katika kampuni ya David Hugh Elliott, mfanyabiashara wa Liverpool aliyeagiza nyama kutoka nje ya nchi.

Chanzo cha uvumbuzi

Hornby alikuwa na tabia ya kuwatengenezea wanawe vitu vya kuchezea kwa kukata bati. Alitengeneza mifano ya madaraja, magari ya mizigo na winchi za bandarini. Kazi hiyo ilikuwa na kasoro moja: kila mfano ulihitaji vipande vyake, na mtoto alipouchoka, vipande hivyo havikufaa kwa kitu kingine.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, ufumbuzi ulimjia akiwa safarini kwa garimoshi, akifikiria namna ya kutengeneza winchi ndogo kwa ajili ya watoto. Aliona kwamba vipande vyote vikiwa na upana mmoja, na vikitobolewa matundu yenye umbali sawa, vitaweza kufungwa pamoja kwa namna yoyote, kisha kufunguliwa na kutumiwa tena. Tundu hilohilo linalopitisha bolti linaweza pia kushika mtaimbo wa gurudumu. Hapo ndipo seti yake ilipopishana na matofali ya mbao ya watoto, kwani mifano yake haikusimama tu bali ilizunguka na kutembea.

Mwanzoni Hornby alikata vipande kwa mkono, na hata nati na bolti alizitengeneza mwenyewe. Kufikia mwisho wa mwaka 1900 alikuwa na seti aliyoona inafaa kuuzwa. Mnamo Januari 1901 aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Hakuwa na fedha za kutosha, akamkopa mwajiri wake, Elliott, pauni 5. Jina la hataza lilitaja vifaa vya kuchezea au vya elimu kwa ajili ya watoto na vijana. Tangu mwanzo, basi, Hornby aliona kazi yake kuwa ya kufundisha na siyo ya kuburudisha tu.

Mechanics Made Easy

Elliott alimpa Hornby nafasi katika jengo lililokuwa tupu jirani na ofisi yake, na wawili hao wakaingia ubia. Seti ilianza kuuzwa kwa jina la Mechanics Made Easy, maana yake mekanika iliyorahisishwa. Kila sanduku lilikuwa na aina 16 za vipande pamoja na karatasi iliyoeleza namna ya kuunda mifano 12.

Vipande virefu vilikuwa vya bati, vyenye upana wa nusu inchi, na matundu yake yalipishana kwa nusu inchi, sawa na milimita 12.7. Kipimo hicho hakikubadilishwa baadaye, na ndicho kinachofanya vipande vya miaka tofauti viweze kufungwa pamoja.

Hornby alipata uungaji mkono wa Henry Selby Hele-Shaw, profesa wa uhandisi katika chuo cha Liverpool. Kukubaliwa na mtaalamu wa namna hiyo kulimsaidia kuwashawishi wenye maduka kwamba seti yake ilikuwa na faida kwa elimu.

Biashara ilikua polepole. Mwaka 1903 ziliuzwa seti 1,500, lakini faida haikupatikana. Mwaka 1904 kulikuwa na seti sita za ukubwa tofauti, zikiwa katika masanduku ya bati pamoja na vijitabu vya Kiingereza na Kifaransa. Faida ndogo ya kwanza ilipatikana mwaka 1906.

Kampuni ya Meccano

Kufikia mwaka 1907 viwanda vilivyomtengenezea Hornby vipande vilishindwa kutosheleza mahitaji. Aliacha kazi ya ukarani, akafungua kiwanda chake katika mtaa wa Duke Street, Liverpool. Mwaka huohuo alisajili jina la Meccano kuwa alama ya biashara.

Mwaka 1908 kampuni ya Meccano Ltd iliundwa. Elliott aliamua kutoingia, na Hornby akabaki mmiliki pekee. Kiwanda kilihamia jengo kubwa zaidi mwaka 1909. Mwaka 1912 Hornby na mwanawe Roland walianzisha kampuni ya Meccano nchini Ufaransa, mjini Paris. Nchini Ujerumani, kampuni ya Märklin ilitengeneza seti hizo kwa kibali chake.

Mwaka 1914 kiwanda kipya kilifunguliwa Binns Road, Liverpool. Kilibaki makao makuu ya kampuni kwa zaidi ya miaka 60.

Washindani walijitokeza pia. Nchini Marekani, A. C. Gilbert alianza kuuza seti ya Erector mwaka 1913. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Märklin iliendelea kutengeneza seti za chuma kwa jina lake yenyewe. Ndiyo sababu si kila kipande cha chuma chenye matundu ni cha Meccano.

Maelekezo na gazeti

Vijitabu vya Meccano vilitofautiana na maelekezo ya vifaa vingi vya leo. Kwa kawaida mfano ulionyeshwa kwa picha ya kitu kilichokwisha kuundwa, pamoja na orodha ya vipande vinavyohitajika na idadi yake. Mtoto hakuongozwa hatua kwa hatua. Alitakiwa kuichunguza picha, kuhesabu matundu, kukisia kilichofichika nyuma ya bamba na kuamua aanze wapi.

Kila aina ya kipande ilipewa namba. Kipande kirefu chenye matundu 25 kilikuwa namba 1, na chenye matundu 11 kilikuwa namba 2. Gia yenye meno 57 ilikuwa namba 27a, na gia ndogo yenye meno 19 ilikuwa namba 26. Namba hizo ziliuwezesha mfano mmoja kuelezwa kwa mtu wa nchi nyingine bila maneno mengi. Ziliwezesha pia kuagiza kipande kimoja kilichopotea bila kununua seti nzima.

Mifano hiyo ilifundisha kanuni za kweli za mekanika. Gia ya meno 19 ikiizungusha gia ya meno 57, ile kubwa huzunguka mara moja kila ile ndogo inapozunguka mara tatu. Mwendo unapungua, lakini nguvu ya kuzungusha inaongezeka. Kanuni za namna hii zinaonekana pia katika kazi za kila siku za Afrika Mashariki. Katika delta ya Rufiji, ambako nguzo za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi kwa karne nyingi, tanga hupandishwa kwa kamba inayopita katika kapi. Baiskeli inayobeba mizigo katika barabara za Kibiti hutumia meno na mnyororo kuhamisha nguvu kutoka kwenye pedali hadi gurudumu la nyuma. Kapi, meno na mnyororo vyote vilikuwa miongoni mwa vipande vya Meccano.

Mwaka 1916 kampuni ilianza kutoa gazeti lake, Meccano Magazine. Lilieleza habari za reli, meli, madaraja na uvumbuzi mpya, likachapisha mifano iliyobuniwa na wasomaji. Hornby mwenyewe alishiriki katika kazi ya uhariri mwanzoni. Mwaka 1919 ilianzishwa Meccano Guild, chama kilichounganisha vikundi vya watoto waliokutana kuunda mifano.

Matangazo ya kampuni yalielekezwa kwa wavulana. Wasichana walitumia Meccano katika nyumba nyingi, lakini mara chache sana walionyeshwa kama wahandisi wa kesho. Upungufu huo ulikuwa wa kawaida katika biashara ya vifaa vya kuchezea wakati huo. Bei nayo ilikuwa kikwazo, kwani seti kubwa zilikuwa ghali. Hornby alijaribu kupunguza tatizo hilo kwa kuuza seti za nyongeza, ili mtoto aliyeanza na sanduku dogo afikie kubwa kidogokidogo.

Bidhaa nyingine

Mwaka 1920 kampuni ilianza kuuza garimoshi za kuchezea zilizoendeshwa kwa springi. Ziliitwa kwa jina la Hornby. Baadaye zikaongezwa zilizotumia umeme. Jina hilo bado linatumika kwa garimoshi za kuchezea hadi leo, ingawa kampuni imebadilika.

Mwaka 1933 kampuni ilitoa magari madogo ya chuma, ambayo mwanzoni yalikusudiwa kupamba reli za garimoshi hizo. Mwaka uliofuata yalipewa jina la Dinky Toys na yakapendwa sana. Leo yanatafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Siasa na kifo

Kufikia miaka ya 1930 Hornby alikuwa tajiri mkubwa. Aliishi katika jumba lake huko Maghull, nje ya Liverpool. Mwaka 1931 alichaguliwa kuwa mbunge wa Everton kwa tiketi ya Chama cha Kihafidhina. Hakugombea tena katika uchaguzi wa mwaka 1935.

Alifariki tarehe 21 Septemba 1936, akiwa na umri wa miaka 73, kutokana na ugonjwa wa moyo uliozidishwa na kisukari. Alizikwa Maghull. Mwanawe Roland alichukua uenyekiti wa kampuni.

Kampuni baada ya Hornby

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni iliendelea, lakini ilikabiliwa na ushindani wa vifaa vya plastiki. Mwaka 1964 ilinunuliwa na kampuni ya Lines Bros, ambayo nayo ilianguka mwaka 1971. Meccano ikapita mikononi mwa Airfix. Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwezi Novemba 1979, na wafanyakazi wake wakapoteza ajira. Utengenezaji uliendelea nchini Ufaransa, katika mji wa Calais. Mwaka 2013 jina la Meccano lilinunuliwa na kampuni ya Spin Master ya Kanada.

Mchango katika sayansi na roboti

Hornby aliishi kuona seti yake ikitumika na wanasayansi. Mwaka 1934 Douglas Hartree, profesa katika Chuo Kikuu cha Manchester, pamoja na mwanafunzi wake Arthur Porter, waliunda mashine ya kukokotoa kwa kutumia kwa sehemu kubwa vipande vya Meccano. Mashine hiyo ilitatua milinganyo inayoeleza jinsi vitu vinavyobadilika, na ilitumika katika hesabu za muundo wa atomu. Ilionyesha kwamba mashine kama ile iliyokuwa Marekani ingeweza kujaribiwa kwa gharama ndogo. Baadaye mashine kubwa zaidi ilitengenezwa Manchester.

Katika miaka hiyohiyo Griffith P. Taylor wa Toronto, Kanada, aliunda roboti kwa vipande vya Meccano, akaiita Gargantua. Ilikuwa na mkono uliopanga vipande vya mbao kwa kufuata amri zilizotobolewa katika ukanda wa karatasi, na mota moja ya umeme iliuendesha mwili wote. Habari zake zilichapishwa katika Meccano Magazine mwaka 1938, kabla roboti za viwandani hazijaanza kutumika.

Wazo la Hornby, la vipande vichache vinavyobadilishana nafasi, limeendelea katika seti za baadaye. Mwaka 1998 kampuni ya LEGO ya Denmark ilitoa seti ya Mindstorms, yenye kompyuta ndogo iliyoitwa RCX, mota na vihisio vya mwanga na mguso. Jina la Mindstorms lilitokana na kitabu cha Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini, kilichotoka mwaka 1980. Mwaka 2015 jina la Meccano lenyewe liliingia katika fani hiyo kwa roboti inayoitwa Meccanoid, ambayo mtoto huiunda mwenyewe kisha kuifundisha miondoko.

Kutambua seti ya zamani

Seti za zamani hukutwa katika stoo za shule, katika maktaba na katika nyumba za watu, mara nyingi zikiwa zimepoteza sanduku na kijitabu. Bila maelekezo huonekana kama chuma chakavu na hutupwa. Mambo yafuatayo husaidia kuzitambua.

Kipimo. Umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata hupimwa kwa rula. Ikiwa ni milimita 12.7, kipande kinaweza kuwa cha Meccano au cha seti iliyofuata kipimo chake. Bolti za asili zina unene wa sehemu 5 za 32 za inchi na uzi wa Kiingereza. Unene huo unakaribia sana milimita 4, lakini uzi wake ni tofauti, hivyo nati ya kisasa ya milimita 4 huanza kuingia kisha hukwama. Kuilazimisha kwa spana huharibu uzi.

Maandishi. Vipande vingi vimegongwa jina la Meccano na nchi vilikotengenezwa. Kutu nyepesi ikisuguliwa taratibu kwa kitambaa chenye mafuta, maandishi huweza kusomeka.

Rangi. Kabla ya mwaka 1926 vipande vilikuwa na mng'ao wa nikeli. Mwaka 1926, katika kuadhimisha miaka 25 ya hataza, Hornby alileta rangi: mabamba mekundu mepesi na vipande vingine vya kijani hafifu. Mwaka uliofuata vipande virefu vikawa kijani kilichokolea na mabamba yakawa mekundu ya damu ya mzee, huku magurudumu na gia zikibaki za shaba ya manjano. Mwaka 1934 zilikuja rangi za bluu na dhahabu, lakini kwa soko la Uingereza tu. Seti za kuuzwa nje ziliendelea kuwa nyekundu na kijani. Kwa hiyo seti nyekundu na kijani iliyokutwa Afrika Mashariki haiwezi kuhesabiwa mara moja kuwa ya kabla ya 1934. Baada ya vita nyekundu na kijani zilirudi Uingereza pia, zikawa za kung'aa zaidi kuanzia mwaka 1958. Mwaka 1964 zilifuata nyeusi, manjano na fedha, na mwaka 1970 bluu, manjano na zinki.

Namba ya seti. Kabla ya 1934 seti zilikuwa na namba kutoka 00 hadi 7. Kuanzia 1934 zilipewa herufi, kubwa kuliko zote ikiwa L. Mwaka 1937 namba zilirudi, kutoka 0 hadi 10, na seti namba 10 iliendelea kuuzwa hadi mwaka 1992. Namba inayofuatwa na herufi A, kama 6A, ni ya seti ya nyongeza: hiyo huigeuza seti namba 6 kuwa namba 7.

Alama ya mchapaji. Kama kijitabu kimepatikana bila jalada, chini ya ukurasa mara nyingi kuna tarakimu ndogo za mchapaji, ambazo huwa na mwezi na mwaka wa kuchapishwa. Ni vyema kukumbuka kwamba kijitabu na vipande vinaweza kuwa vilitoka katika masanduku mawili tofauti, hivyo tarehe ya kimoja haithibitishi ya kingine.

Vyama vya wapenzi wa Meccano katika nchi mbalimbali vimehifadhi vijitabu vingi vya zamani, na vingi vimewekwa katika intaneti. Anayejua namba ya seti na kipindi chake huweza kukipata kijitabu kinachofaa. Asiyejua namba ya seti huanza kwa kuhesabu vipande alivyonavyo, kisha kutafuta mfano ambao orodha yake haizidi vipande hivyo.

Njia hiyohiyo hufaa kwa seti za roboti za karibuni. Katika Mindstorms, kompyuta ndogo ndiyo inayotambulisha kizazi cha seti. RCX ya mwaka 1998 ni ya manjano, ina nafasi tatu za vihisio na tatu za mota, na hupokea programu kwa miali ya infraredi kutoka kifaa kinachounganishwa na kompyuta. NXT ya mwaka 2006 ina nafasi nne za vihisio na tatu za mota, na hutumia waya wa USB au Bluetooth. EV3 ya mwaka 2013 ina nafasi nne za kila aina. Seti ya kwanza ya RCX ilikuwa na namba 9719, ya kwanza ya NXT 8527, na ya EV3 iliyouzwa madukani 31313, ilhali seti ya EV3 ya shuleni ilikuwa 45544. Kampuni ya LEGO imeweka vijitabu vyake vingi katika intaneti, na hutafutwa kwa namba za namna hiyo.

Kuna tofauti moja kubwa. Sanduku la Meccano la mwaka 1930 linahitaji bisibisi, spana na kijitabu tu. Seti ya roboti inahitaji pia programu na kompyuta inayoweza kuiendesha. LEGO ilisitisha Mindstorms mwishoni mwa mwaka 2022, na programu za zamani hazifanyi kazi katika kila kompyuta mpya. Kwa sababu hiyo shule inayomiliki seti kama hizo hufaidika ikihifadhi nakala ya programu pamoja na kijitabu, na ikiandika namba ya seti ndani ya sanduku.

Urithi

Hornby hukumbukwa Uingereza kama mmoja wa watengenezaji wakubwa wa vifaa vya kuchezea wa karne ya 20. Wahandisi na wanasayansi wengi walianza kuelewa gia, kapi na mitaimbo kwa kutumia Meccano wakiwa watoto.

Kampuni yake ilipita kwa wamiliki kadhaa na kiwanda cha Binns Road hakipo tena. Kipimo cha nusu inchi, namba za vipande na vijitabu vya maelekezo vimebaki, na ndivyo vinavyomwezesha mwanafunzi wa leo kufungua sanduku la zaidi ya miaka 90 na kuunda winchi inayofanya kazi.